Bei ya Choo cha Hakimu

Mimi ni fundi wa mabomba, na kwa miaka mingi nilikuwa na bei mbili. Ninaishi Kianda, Kibera, lakini kazi naitafutia Kawangware, ambako mafundi tunaketi nje ya duka la vifaa vya ujenzi tangu asubuhi, kila mtu na begi lake la spana, tukingoja kuitwa. Uzuri wa pale ni kwamba hujui utaitwa upande gani. Ukielekea ndani, kwenye ploti za mabati na maghorofa yaliyobanana, unaingia kwa watu kama mimi. Ukivuka barabara na kutembea kidogo, unaanza kuona miti, kisha ua uliokatwa vizuri, kisha geti lenye kengele, na hapo umefika Lavington.

Mfereji wa Kawangware na mfereji wa Lavington huvuja kwa sababu moja. Ndani kuna mpira mdogo kama kifungo cha koti, ukiisha unabadilisha. Dukani mpira huo ulikuwa shilingi kumi. Kawangware nilikuwa nabadilisha kwa mia mbili. Lavington nilikuwa nabadilisha kwa elfu mbili, na kama mbwa wa pale alikuwa amenona kunishinda mimi, elfu mbili na mia tano.

Sikuwahi kutaja bei kabla ya kumwona mbwa. Wenzangu walikuwa wanaangalia gari, lakini gari linaweza kuwa la mkopo au la kampuni. Mbwa, nilijiambia, hawezi kudanganya. Kuna nyumba moja niliingia nikakuta mbwa anapikiwa wali na maini katika sufuria yake mwenyewe, na nikasimama pale mlangoni nikiongeza bei kimoyomoyo mpaka sufuria ilipoepuliwa.

Sikujiona mwizi. Nilikuwa na sababu zangu, na nyingine nilizitoa nyumbani. Kule Magharibi mama yangu alikuwa akiuza ndizi kando ya barabara, na mwalimu mkuu alikuwa na bei yake peke yake. Siku moja mama hakuwepo, dada yangu akamuuzia mwalimu mkuu kwa bei ya watu wote. Jioni mwalimu mkuu alirudi kulalamika kwamba familia yetu imeanza kumdharau. Kwa hiyo nilikua nikijua kwamba kuna watu ambao bei ndogo inawaumiza, na nilikuja Nairobi nikiwa tayari kabisa kutowaumiza.

Shida ilikuwa yale maneno niliyoyafuatanisha na bei. Mtu wa Lavington akiuliza, "Mbona ghali hivyo?" nilishindwa kumwambia, "Kwa sababu una geti." Kwa hiyo nilikuwa nasema mpira umetoka Italia. Mwenye haraka nilimwambia Ujerumani.

Sasa kulikuwa na mama mmoja, mtu wa kutoka upande wa ziwa, mwenye sauti ya kuongoza kwaya bila kipaza sauti. Alikuwa akiishi chumba kimoja Kawangware na kufanya kazi za nyumbani Lavington, kwa hakimu mstaafu. Mama huyo alikuwa akiniita pande zote mbili, na jambo hilo sikuwa nimelifikiria vya kutosha.

Jumamosi moja aliniita nitengeneze mfereji wa ploti yao, ule ulio nje ya mlango wake. Nikabadilisha mpira, akanilipa mia mbili, tukaagana vizuri. Jumanne iliyofuata akanipigia tena, safari hii mfereji wa jikoni kwa hakimu. Nikaenda. Hakimu mwenyewe alikuwa mzee mrefu aliyestaafu zamani, lakini bado alikuwa akiingia jikoni kama mtu anayeingia mahakamani, na ukishtukia unajikuta umesimama wima. Nilibadilisha mpira huku mama akimenya viazi kando yangu.

"Ni pesa ngapi, fundi?" hakimu akauliza.

Nilikuwa nimepita kwa mbwa wake getini. Mbwa alikuwa amelala ubavu, mviringo kama gunia la maharagwe.

"Elfu mbili na mia tano, mzee. Mpira wenyewe ni wa Italia."

Kisu cha mama kilisimama katikati ya kiazi. Hakimu akalipa, akauliza kama Italia bado wanatengeneza vitu vizuri, nikamwambia sana. Nilipofika getini nikasikia ndara zinanifuata.

"Fundi," mama akaniita. "Ile mpira ya kwetu Jumamosi ilikuwa ya wapi?"

"Ile ilikuwa ya hapa tu, mama."

"Na hii ya Italia mbona umeitoa kwa mfuko ile ile ya hapa tu?"

"Mama, hiyo ndiyo bei ya huku."

Alicheka mpaka akashika geti. Halafu akasema nimpe ya chai. Nikampa mia mbili, nikaenda zangu nikidhani nimenunua kimya chake chote. Kumbe nilinunua cha wiki mbili tu.

Mwisho wa mwezi mama aliomba kuongezwa mshahara. Hakimu akamweleza kwamba maisha yamepanda, kwamba pensheni haitoshi, na kwamba mafundi nao wamemmaliza. Mama aliniambia haya yote baadaye bila kuomba msamaha hata kidogo. Anasema hasira ilimpanda, akajikuta amesema, "Fundi gani amekumaliza? Huyo kwetu anachukua soo mbili, mia mbili tu!"

Jioni akamwita mama sebuleni na kumuuliza maswali polepole. Fundi ni yule yule? Mpira ni ule ule? Mikono aliyotumia ni ile ile? Mama akajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Hakimu akatikisa kichwa na kusema, "Mbele ya sheria, mfereji ni mfereji."

Mtu mwingine angenipigia simu na kunitukana, yakaisha. Lakini huyu alikuwa ametumia maisha yake yote kuwaambia watu kwamba tuhuma si ushahidi. Akangoja. Na alipokuwa akingoja, choo chake cha kukalia kikaanza kuvuja, maji yakawa yanatoka kwenye tangi na kuingia bakulini mchana kutwa bila mtu kubonyeza. Mama anasema hakimu alisimama pale bafuni akikisikiliza, na akatabasamu.

Alhamisi asubuhi simu yangu ikalia nikiwa nje ya duka.

"Fundi, niaje. Choo yangu inavuja."

"Choo yako, mama?" Choo cha ploti ile nilikijua vizuri. Kilikuwa kule nyuma, mashimo mawili ya saruji na mlango wa mabati, na kitu pekee kilichoweza kuvuja pale ni paa.

"Yangu mimi. Ya kukalia."

"Iko wapi?"

Akajibu kama mtu anayesomewa maneno kutoka pembeni. "Iko nyumbani kwangu. Utakuja. Na utataja bei ukiwa ndani ya nyumba."

Ningekuwa mtu makini ningekataa. Lakini nilitaka sana kukiona hicho choo.

Chumba cha mama kilikuwa kama vyumba vyetu vyote. Kitanda upande mmoja, viti upande mwingine, na katikati pazia la maua la kutenganisha kulala na kukaribisha wageni. Siku hiyo viti vilikuwa vimesukumwa ukutani na nguo zilizofuliwa zimerundikwa juu yake. Katikati ya chumba, juu ya kapeti ya plastiki, kulikuwa na choo. Kizima, cheupe, na tangi lake mgongoni, na kifuniko kilichovalishwa kitambaa cha sufu cha rangi ya waridi. Hakikuwa kimeungwa na bomba lolote. Kilikuwa kimekaa tu, kama mgeni anayengoja chai.

Nilikitambua mara moja, kwa sababu ni mimi niliyekifunga mwaka mmoja kabla. Utepe mweupe niliouzungusha kwenye nati za tangi ulikuwa bado pale, na mimi huwa nauzungusha kinyume na mafundi wengine.

Baadaye nilikuja kujua kilivyofika. Hakimu alifunga maji mwenyewe, akatafuta spana stoo, akajaribu kutoa tangi peke yake na kushindwa, basi akang'oa choo chote. Akasimamisha boda boda getini, akaketi nyuma na choo mapajani, amekikumbatia kama mgonjwa anayekimbizwa hospitalini. Mama alikuwa kwenye boda ya pili nyuma yao, na anasema njia nzima ya Kawangware watu walisimama kando kumpisha yule mzee, na wengine walivua kofia.

Lakini wakati huo sikujua hayo. Nilichokiona ni chini ya pazia. Palikuwa na viatu viwili vyeusi vinavyong'aa, ncha zake zikinielekea mimi. Kisha pazia likakohoa.

Mama alinitazama kwa macho ya mtu anayezuia kicheko kwa nguvu zake zote. "Sasa fundi," akasema, kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika. "Ni ngapi?"

Nilichutama kando ya choo kana kwamba nakikagua, nipate nafasi ya kufikiria. Nikisema mia mbili, nimekwisha. Pazia litafunguka na ushahidi utakuwa umekamilika. Lakini nikitaja bei ya Lavington, nitaonekana mtu wa haki, mwenye bei moja kwa wote. Niliona nimepata njia. Nikainuka na kusema kwa sauti ya kusikika mpaka kitandani, "Elfu mbili, mama."

"Elfu mbili? Mimi?"

"Choo ni choo. Kwangu mimi kila mtu ni sawa."

Nilijivunia hilo kwa muda wa pumzi moja. Pazia likafunguliwa kwa nguvu mpaka pete mbili zikaanguka, na hakimu akatoka amevaa koti lake, kidole mbele.

"Hapana! Huwezi kumtoza huyu elfu mbili! Atazitoa wapi? Huyu ni maskini!"

Mama aligeuka polepole kumtazama mwajiri wake.

"Maskini nani?"

"Nilikuwa namaanisha..."

"Nimeuliza maskini nani? Mimi nimejenga nyumbani, nyumba ya mawe. Nimesomesha watoto watatu. Maskini nani kwa hii nyumba yangu, na ni wewe umeingia na choo?"

Hakimu alitafuta mahali pa kuketi. Viti vilikuwa na nguo, kitandani palikuwa hapafai, kwa hiyo alifunga kile kifuniko cha waridi na kukalia choo. Akaweka mikono juu ya magoti. "Nilimaanisha kwa kulinganisha," akasema.

Sijui ni nini kilinifanya nizungumze. "Samahani, mzee, lakini si umesema mwenyewe sasa hivi? Kwamba bei iangalie mtu ako na nini?"

Alinitazama kwa muda mrefu sana. Nadhani kuna watu walifungwa kwa mtazamo ule.

"Usinihoji, fundi," akasema. Halafu, baada ya kufikiri, "Endelea."

Kabla sijaendelea, mlango ukafunguliwa na mwenye ploti akaingia. Huyu alikuwa mwanamke mfupi aliyekaa chumba cha kwanza karibu na lango, kiti chake kikielekea njiani, na kodi zake alizipanga kwa kutazama vitu vinavyoingia. Wapangaji wake walikuwa wakiingiza televisheni ndani ya magunia ya makaa. Alikuwa ameenda sokoni choo kilipopita, na aliporudi majirani walimwambia. Alikizunguka mara moja, akagusa tangi, akagusa sufu.

"Sasa umeanza kujiwekea choo ndani," akamwambia mama. "Hiyo ni sawa, siwezi kukukataza. Lakini kodi inapanda elfu moja."

"Si yangu!" mama akasema. "Ni ya huyu."

"Na huyu ni nani?"

"Ni mdosi wangu, nafanya kazi kwake."

"Anahamia?"

"Hapana."

"Sasa mbona amekuja na choo?"

Sisi watatu tulitazamana. Nje ya mlango nilianza kusikia majirani wakielezana kwamba mama amepata mzee wa Lavington, na mzee mwenyewe amekubali kuishi hapa bora tu aje na choo chake. Mama alizisikia pia. Alifunga mlango kwa mguu.

Hakimu aliinuka kutoka kwenye choo, akajiweka sawa, na nikaona sasa ile sauti ya zamani inakuja. "Mama," akamwambia mwenye ploti, "huwezi kumpandishia mtu kodi kwa sababu ameonekana na kitu kizuri. Hujui mapato yake. Unakisia tu!"

"Ndiyo, nakisia," mwenye ploti akajibu bila wasiwasi. "Nikikisia vibaya mtu ananiambia, tunaongea. Wewe unataka niulize kila mtu barua ya mshahara? Hata fundi anakisia. Ama unakisiaje wewe, fundi?"

"Kwa mbwa," nikasema.

Ningeweza kujibu kitu kingine chochote. Wote waligeuka, ikabidi nieleze kuhusu mbwa, jinsi mbwa mwembamba ni elfu moja na mia tano, wa wastani elfu mbili, na kuendelea. Hakimu alisikiliza huku uso wake ukibadilika.

"Na mbwa wangu?" akauliza.

"Wako alikuwa elfu mbili na mia tano, mzee. Amenona sana."

"Hajanona," hakimu akasema kwa sauti ndogo. "Ni mgonjwa. Amevimba kwa sababu ya dawa. Hajala vizuri tangu mwaka jana."

Sijawahi kuaibika vile. Nilikuwa nimemtoza mtu mia tano zaidi kwa sababu mbwa wake anaumwa. Mama alitazama sakafu. Mwenye ploti alisema pole, na alimaanisha. Nikamwambia hakimu nami namwombea mbwa apone, na akaitikia asante, na kwa muda kidogo tukawa watu wanne walioinamisha vichwa mbele ya choo.

Ni hakimu aliyeanza tena. "Fundi, nina swali moja tu, na ujibu kwa ukweli. Mpira unatoka Italia?"

"Unatoka pale dukani, mzee. Shilingi kumi."

"Italia hapana?"

"Italia hata sijui ni upande gani."

Aliketi tena kwenye choo. Nilidhani atakasirika kwa sababu ya pesa, lakini ilionekana hili ndilo lililomchoma kweli. "Niliwaambia majirani," akasema. "Nilimwambia mpaka jirani wangu wa geti la pili kwamba mifereji yangu ina mpira wa Italia. Aliona wivu."

Basi nikaamua kusema mambo kama yalivyo, kwa sababu uongo wote nilikuwa nimeshaumaliza. Nikamwambia, "Mzee, wewe kwangu ni elfu mbili. Mia mbili ni ya kazi. Hiyo ingine ni kwa sababu uko nayo. Nikiweka bei moja, mia tano kwa kila mtu, huyu mama ataacha maji yamwagike kwa sababu hana, na wewe utacheka njia yote ya kurudi kwako."

"Nani hana?" mama akauliza.

"Hana ya kutupa," nikasema, na hilo akalipitisha.

Hakimu alifikiri huku akipigapiga kifuniko kwa vidole. "Hiyo unayoeleza ni ushuru," akasema mwishowe. "Mwenye nacho analipa zaidi. Hilo nalielewa, nimelilipa maisha yangu yote. Lakini ushuru una mambo mawili. Kwanza, unaambiwa ni ushuru. Huambiwi ni Italia. Na pili, unatumika kwa jambo fulani. Ya kwangu imetumika wapi?"

Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ilikuwa karo ya watoto wangu, na nyingine ilikuwa nyama ya Ijumaa. Lakini nilikuwa nimebanwa. "Kibera, mzee. Kuna watu nawafanyia bure." Hili lilikuwa kweli kwa kiasi fulani. Nilikuwa nimefanya kazi ya bure mara mbili, na mmoja wao alikuwa shemeji yangu.

"Vizuri," hakimu akasema. "Nitakuja kuona."

"Na mimi niulize," mama akasema. Alikuwa ameanza kukunja nguo zake kwenye kiti, kwa utulivu wa mtu ambaye ametafuta maneno na kuyapata. "Kama fundi analipwa kulingana na geti, na amepita hiyo geti mara tatu, mimi napita hiyo geti kila siku. Mshahara yangu inaangalia geti gani?"

Mwenye ploti alipiga makofi. Hakimu alitazama dari. Hakukuwa na kitu darini isipokuwa bati. Aliongeza mshahara pale pale, mbele ya mashahidi wawili, na mama hakushukuru. Alisema tu kwamba itaanzia mwezi uliopita.

Kuhusu kodi, mwenye ploti alikubali isipande iwapo choo kitaondoka kabla ya saa sita. Kwa hiyo nikakitengeneza palepale. Nilibadilisha mpira, na kwa kuwa hapakuwa na maji ya bomba, mwenye ploti alishika jagi akamimina tangini huku mama akishika beseni chini na hakimu akishikilia begi langu. Hakikuvuja. Majirani waliokuwa wakichungulia dirishani walishangilia, sijui kwa nini. Tulikirudisha kwa mkokoteni, nikakifunga mahali pake, na tukabishana bei kwa ukweli mtupu kwa mara ya kwanza, mpaka tukafika elfu moja na mia tano.

Nilidhani yamekwisha. Lakini Jumatano hakimu akapiga simu kwamba Jumamosi anakuja Kibera kuona pesa yake ilipofanya kazi. Nilikuwa na siku mbili za kutafuta mtu wa kumfanyia bure. Shemeji sikuweza kumtumia. Ana televisheni kubwa. Mwishowe nikapata mama anayeuza maji Raila, mtaa mwingine wa Kibera, ambaye mfereji wake ulikuwa umevunjika mpini na anaufungua kwa koleo. Nikamwambia nitamwekea mpya bila malipo.

"Bure?" akasema, na akarudi nyuma hatua moja. "Unagombea nini?"

Nikamwambia sigombei. Akaniuliza basi nani ananituma. Ilichukua muda kuliko kazi yenyewe, na hata nilipomaliza alikuwa bado anangoja nitoe fulana zenye picha yangu.

Jumamosi hakimu alikuja na koti na fimbo, nikampokea Kianda tukatembea mpaka Raila. Njiani aliuliza maswali mazuri kuhusu mitaro. Tulipofika, nikamwonyesha mfereji. Akatoa kitambaa mfukoni, akaupanguza, akaufungua. Maji yakatoka. Akaufunga. Yakakatika. Akaufungua tena, akaufunga tena, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyeonyeshwa mjukuu.

"Hauvuji," akasema.

"Mzee, wacha kuchezea maji," yule mama akasema. "Hiyo imemwagika ni mtungi mzima. Ni ishirini."

Mimi nilijua mtungi kwake ni shilingi tano. Nikatazama pembeni. Hakimu hakutazama pembeni.

"Mama, wengine unawauzia ngapi?"

"Tano."

"Na mimi?"

"Ishirini."

"Kwa nini?"

"Kitambaa chako cha kamasi kimepigwa pasi," mama akasema.

Hakimu alikiangalia kitambaa. Halafu akatoa ishirini na kumpa kwa mikono miwili. Njiani kurudi akaniambia kwamba yule mama ni mtu mwaminifu sana, kwamba hakutaja Italia hata mara moja, na kwamba kuna mambo ningejifunza kwake. Nikakubali.

Tangu hapo ananipigia kila wiki. Haulizi habari zangu. Anauliza, "Mfereji wetu wa Raila unaendeleaje?" na kama sijapita huko, inabidi nipite, kwa sababu anajua kuuliza swali moja kwa njia tatu. Kazi za bure sasa nazifanya kweli, kama moja kwa mwezi, na nyama ya Ijumaa imekuwa ya mwisho wa mwezi. Bei zangu nazitaja wazi getini. Wateja wachache wa Lavington waliacha kuniita, na mmoja aliniambia mimi ni mkomunisti, neno ambalo mama wa kwa hakimu alinieleza kwamba si tusi sana.

Lakini kuna yule jirani wa geti la pili, aliyeonea wivu mpira wa Italia. Hakimu alimsimulia habari ya Raila, nadhani zaidi ya mara moja. Wiki iliyopita jirani aliniita akanilipa elfu tatu kwa kazi ya elfu mbili, kisha akanishika mkono na kusema naye anataka mfereji wake Kibera. Anataka uwe mkubwa kuliko wa hakimu, na uwe mahali gari linafika. Nimetafuta Makina, huko huko Kibera, siku nne sasa. Mifereji inayovuja ipo, naisikia ikidondoka nikipita vichochoroni. Lakini habari zimesambaa, na watu wakiniona nakuja na begi langu na tabasamu wanafunga milango, wakiambiana yule mgombea amerudi tena.